Togwa: Kinywaji cha Kiu katika Utamaduni Wetu

Mtu akiulizwa utamaduni wa taifa letu ni kitu gani, aghalabu atataja ngoma, hadithi, methali, uchongaji, ususi na mavazi. Akiulizwa zaidi juu ya vinywaji, atataja pombe: mbege ya Uchagani, ulanzi wa Iringa, rubisi ya Bukoba na tembo la mnazi la pwani. Ni nadra kumsikia akitaja togwa. Wala si yeye peke yake aliyeisahau. Pombe imeandikwa na wasafiri walioionja, na wamisionari walioilaani, na maofisa wa serikali ya kikoloni waliotaka leseni kwa wauzaji wake. Hata methali zetu zamkumbuka mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Togwa haikumlevya mtu, haikuleta ugomvi kijijini, wala haikuingiza fedha katika hazina ya mtawala. Kwa hiyo haikupata mwandishi.

Katika insha hii tunakusudia kuitafutia togwa mahali pake katika historia yetu. Tunasema kwamba vinywaji vya kiu, yaani vile ambavyo wazee wetu walivitengeneza kutokana na mimea kwa ajili ya kuupa mwili maji na nguvu, ni elimu kamili yenye kanuni zake. Tena tunasema kwamba elimu hiyo ilipoanza kupuuzwa, aliyepata hasara kwanza alikuwa mtoto mdogo.

Yafaa tuanze na vinywaji ambavyo mti wenyewe humpa binadamu. Katika pwani, cha kwanza ni dafu. Mwandishi Mwarabu al-Masudi, ambaye mwaka 916 alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu katika upwa wetu kurudi Oman, aliandika kwamba mnazi ulistawi katika visiwa vya nchi ya Wazanji na kwamba watu walikula nazi, ndizi na mtama. Lugha yenyewe inathibitisha jinsi watu wa pwani walivyoujua mti huo. Tunda la mnazi lina jina katika kila hatua ya kukua kwake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na hatimaye mbata. Kitale bado ni changa mno. Koroma maji yake yamekwisha kupungua utamu. Ni dafu tu ambalo hukwelewa na kuangushwa kwa ajili ya mwenye kiu. Watu wasioishi kwa kitu hawakipi majina sita. Na kutokana na kazi ya kulifua tukapata usemi wa kumwambia mtu aliyeshindwa kwamba hafui dafu.

Barani, ambako mnazi hauoti, watu walitazama miti mingine. Katika Ugogo, nchi yenye mvua chache, misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliogopa sana kipande cha njia kilichoitwa Marenga Mkali, na jina hilo lenyewe linatueleza ubaya wa maji yake. Lakini katika nchi hiyohiyo mbuyu umeota kwa wingi. Unga mweupe uliozunguka mbegu za ubuyu ukikorogwa katika maji hutoa kinywaji kichachu chenye vitamini C nyingi. Kadhalika mkwaju, ambao ni mti wa asili wa Afrika ingawa Waarabu waliuita tende ya Hindi, hutoa ukwaju unaolowekwa, ukachujwa na kunywewa wakati wa joto, au ukatiwa katika uji. Katika mwezi wa Ramadhani, miji ya pwani imezoea kuipokea jioni kwa uji, kwa madafu na kwa maji ya ukwaju. Mwenye kufunga mchana kutwa anajua kwamba mwili uliokauka hautaki maji matupu tu. Wataka na kitu kidogo ndani yake.

Hivyo ni vinywaji ambavyo sehemu kubwa ya kazi imekwisha fanywa na mti. Togwa ni jambo jingine. Togwa haioti popote. Ni kinywaji kilichobuniwa na binadamu, na kila hatua ya kukitengeneza ina sababu yake. Hapana budi tueleze kazi hiyo kwa ukamilifu, maana mara nyingi hutajwa kwa neno moja tu kana kwamba ni uji uliopoa.

Kwanza hutengenezwa kimea. Ulezi huchambuliwa, ukaoshwa na kulowekwa usiku mmoja au zaidi. Kisha humwagwa maji, ukafunikwa kwa majani ya mgomba au kitambaa chenye unyevu, ukaachwa siku mbili au tatu hata uchipue. Chembe zikiisha kuota huanikwa juani mpaka zikauke kabisa, zikasagwa. Unga huo ndio kimea. Baada ya hapo hupikwa uji wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, ukachemka sawasawa, ukaepuliwa na kuachwa upoe. Hapa ndipo palipo na siri ya kazi. Mpishi hutia kidole, au humimina tone mkononi. Uji ukiwa wa moto mno, kimea hufa; ukiwa wa baridi, hakifanyi kazi. Ukifikia uvuguvugu, kimea hutiwa na kukorogwa, na kwa muda mfupi uji mzito hulegea na kuwa mwepesi, ukaanza kuwa mtamu pasipo kutiwa sukari. Wengine huongeza togwa kidogo ya jana iwe chachu. Wengine hutumia mtungi uleule wa siku zote. Hufunikwa ukalala. Asubuhi togwa iko tayari, ina utamu na uchachu pamoja.

Mama wa kijijini hakuwa na darubini, lakini alichokuwa akikifanya kina maelezo ya kisayansi. Chembe inapochipua hutoa vimeng'enya ambavyo huivunja wanga na kuifanya sukari. Ndiyo sababu uji hulegea na kuwa mtamu. Joto kali huviua vimeng'enya hivyo. Ndiyo sababu ya kidole cha mpishi. Baadaye bakteria wa namna iliyo njema hula sehemu ya sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki, ambayo ndiyo uchachu wa togwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza na kuwataja bakteria hao mmoja mmoja. Asidi hiyo huwazuia vijidudu wengi wa magonjwa ya kuhara wasiweze kustawi. Kwa hiyo togwa ni maji yaliyokingwa mara mbili: mara ya kwanza kwa moto, mara ya pili kwa uchachu. Katika nchi ambayo kisima, mto na dimbwi vilikuwa ndivyo vyanzo vya maji, hilo halikuwa jambo dogo.

Kutokana na maelezo hayo twaweza kuona kosa la kamusi za wakati wa ukoloni, ambazo zilifasiri togwa kuwa ni pombe isiyochacha. Tafsiri hiyo ilikiangalia kinywaji hiki kwa jicho la mlevi: ikaona togwa ni pombe ambayo haijafika. Kwa hakika togwa huchacha, lakini uchachu wake si wa kileo. Ni kweli kwamba ikiachwa muda mrefu hatimaye huweza kugeuka pombe. Lakini maziwa nayo yakiachwa huganda, wala hatusemi kwamba maziwa ni mtindi ambao haujafika.

Historia ya togwa ni historia ya nafaka pia. Ulezi ni zao la kale la nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na mtama ni mwenyeji wa bara hili vilevile. Mahindi na muhogo ni wageni kutoka Amerika, nao walifika kwetu baada ya Wareno kuingia katika bahari yetu mwaka 1498. Wageni hao walienea taratibu, wakawa chakula cha mamilioni ya watu. Togwa iliwapokea. Leo katika nyumba nyingi uji wa togwa ni wa mahindi, lakini kimea kimebaki kuwa cha ulezi. Twaona basi kwamba utamaduni si kitu kilichogandishwa. Wazee wetu walikubali unga mpya, ila hawakuiacha kanuni iliyoifanya togwa iwe togwa.

Sasa tutazame mahali ambapo togwa ilinywewa. Katika mikoa ya kusini na nyanda za juu, na kwingineko nchini, kulima, kupalilia, kuvuna na kujenga kulifanywa kwa ujima. Mwenye shamba aliwaita majirani, nao wakaja na majembe yao. Siku nyingine yeye akaenda kwao. Hakukuwa na ujira wa fedha, lakini palikuwa na wajibu wa kuwanywesha watu walioacha jasho lao shambani. Baadhi ya kazi zilimalizikia kwa pombe jioni. Lakini mchana, jua likiwa utosini, pombe haimfai mwenye jembe. Togwa ndiyo iliyofaa: ilikuwa maji, ilikuwa chakula, na haikumchukua mtu akili. Tena ilimfaa kila mtu. Mzee aliinywa, mtoto aliyefukuza ndege aliinywa, mama anayenyonyesha aliinywa, na yule ambaye dini yake ilimkataza kileo aliweza kuipokea kata ileile iliyotoka kwa jirani yake. Kinywaji hiki hakikumtenga mtu.

Pia togwa ilitaka mpango. Kwa kuwa kimea huhitaji siku kadhaa za kulowekwa, kuota na kukauka, mwenye shamba hakuweza kuwaita watu leo kwa kazi ya kesho. Ilimpasa azungumze na mkewe wiki nzima kabla, na kwa kweli ni mwanamke aliyejua kama siku hiyo inawezekana au haiwezekani. Ghala lilikuwa na ulezi kiasi gani, jua lingetosha kukausha, mitungi mingapi ingetakiwa: mambo hayo yote yalikuwa katika kichwa chake. Elimu hiyo mama alimrithisha binti yake, wala hakumwandikia. Alimweka karibu na chungu, akamwambia atie kidole.

Mabadiliko makubwa yalikuja pamoja na ukoloni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa. Mkonge ulihitaji vibarua, na kodi ikawalazimisha watu kutafuta fedha. Katika miaka iliyofuata, chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza, maelfu ya wanaume waliondoka makwao kwenda kufanya kazi mashambani Tanga, Morogoro na kwingineko, nao wakaitwa manamba. Huko walipewa posho ya unga. Unga waliupata, lakini togwa haiwi kwa unga peke yake. Yahitaji ulezi, mtungi, siku za kungoja, na mtu mwenye ujuzi wa kuitengeneza. Kambi iliundwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya maisha, na mtu aliyezoea kunyweshwa na jirani kwa heshima sasa alikata kiu yake kwa maji yoyote yaliyokuwapo. Nyumbani nako mwanamke aliachwa na kazi za watu wawili. Kazi inapozidi nguvu, huachwa kwanza ile ichukuayo siku nyingi.

Tulipopata uhuru tuliamua kuurudisha utamaduni wetu. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu lililokosa roho. Alisikitika kwamba wengi wetu tulifundishwa ngoma za kigeni na kuziacha zetu. Kazi kubwa ikafanyika, na ngoma zikarudi. Lakini chungu cha kimea hakikupata jukwaa. Kiliendelea kubaki jikoni, kikahesabiwa kuwa jambo la kawaida ambalo halihitaji kutunzwa.

Uzito wa kupuuza huko ulionekana kwa njia ya magonjwa. Kipindupindu si mgeni kwetu: katika miaka ya 1869 na 1870 kiliua watu wengi Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwako huko, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Kilirudi tena Tanzania katika miaka ya 1970, na kikawa janga kubwa mnamo 1977 na 1978. Hata pasipokuwa na kipindupindu, ugonjwa wa kuhara wa kila siku uliendelea kuwachukua watoto wachanga. Ugonjwa huo huua kwa kuukausha mwili. Mtoto hupoteza maji na chumvi kwa haraka kuliko anavyorudishiwa. Mambo yalizidi kuharibika pale ambapo palikuwa na imani kwamba mtoto anayehara asinyweshwe kitu mpaka tumbo litulie. Imani hiyo nayo ilirithiwa kutoka kwa wakubwa, na yatupasa tuseme wazi kwamba si kila kilichorithiwa ni chema.

Hapa yafaa tuvuke bahari kwa kitambo kidogo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akiwatibu wakimbizi wenye kipindupindu katika kambi ya Bangaon, India. Maji ya kutia mishipani yalipopungua, aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Vifo vikapungua kutoka karibu wagonjwa 30 katika kila 100 hadi wasiofika 4. Sababu yake ni kwamba sukari ikiwa pamoja na chumvi ndani ya utumbo huisaidia chumvi kupenya, na maji huifuata. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Dhaka wakaonyesha kwamba unga wa mchele uliopikwa waweza kushika mahali pa sukari, kwa kuwa wanga huvunjika ndani ya utumbo na kutoa sukari kidogo kidogo. Hivyo wataalamu wakarudi kwenye uji mwepesi wa nafaka, yaani mahali ambapo mama zetu walikuwa wamesimama zamani, ingawa walikosa chembe ya chumvi.

Nchini mwetu, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikitazama kimea kwa macho mapya. Tatizo lilikuwa hili: uji mzito una chakula, lakini mtoto mdogo hawezi kuumeza wa kutosha, uji mwepesi huumeza, lakini ni maji tu. Kimea kikitiwa katika uji mzito huulegeza pasipo kuongeza maji. Katika mkoa wa Iringa, ambako mpango mkubwa wa lishe ulianza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO, ujuzi wa namna hiyo haukuhitaji kuletwa kutoka mbali. Na mwaka 1994, Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti walioufanya Tanzania, wakaeleza kwamba watoto wa kijiji kilichozoea uji uliochachuliwa walihara mara chache kuliko watoto wa kijiji ambacho hakikuwa na desturi hiyo. Elimu iliyodharauliwa ilikuwa imethibitishwa kwa hesabu.

Hata hivyo, kusifu si kutia chumvi. Togwa si dawa ya kipindupindu, kwa kuwa sukari inayo lakini chumvi haitoshi. Dafu nalo lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo humfaa mtu mzima aliyetoka jasho kuliko mtoto anayeharisha sana. Mtoto wa namna hiyo ahitaji dawa ya kuongeza maji mwilini itolewayo katika vituo vya afya. Na ikikosekana kwa wakati huo, atengenezewe maji ya lita moja yaliyochemshwa na kupoa, yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, huku akipelekwa kwa mganga pasipo kukawia. Maji ya ubuyu na ukwaju yakikorogwa kwa maji machafu huleta maradhi yaleyale tuyakimbiayo. Kimea kilichoota kuvu kitupwe. Na chipukizi za mtama zina sumu, kwa hiyo hung'olewa kabla ya kusaga. Ulezi hauna hatari kubwa ya namna hiyo, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake.

Leo togwa haijafa. Inauzwa sokoni na vituo vya mabasi, ikiwa katika ndoo na chupa. Lakini nyingine imetiwa sukari ya dukani badala ya kungoja utamu wa kimea, na nyingine imo katika chupa ambayo hakuna ajuaye iliyaweka nini jana. Mijini soda imekuwa ndicho kinywaji cha kumheshimu mgeni, na kijana anayeijua ladha ya togwa mara nyingi hajui kimea ni kitu gani. Jina limebaki, ujuzi unaondoka.

Hatuna budi basi kufanya mambo mawili. La kwanza, wakusanyaji wa utamaduni wetu waende jikoni kama walivyokwenda katika viwanja vya ngoma, wakawaulize bibi wa Songea, Njombe, Mbeya na Pemba jinsi wanavyoitengeneza togwa, waandike tofauti zake, na majina ya vyombo vyake, na maneno ya kazi yake, kabla hayajazikwa. La pili, shule zifundishe kimea kama zinavyofundisha mambo mengine ya sayansi, maana katika chungu hicho mwanafunzi atakuta kuota kwa mbegu, kuvunjika kwa wanga na kazi ya bakteria, vyote kwa lugha yake na kwa ulezi wa shamba la kwao.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kata moja ya togwa ni kitu kidogo mbele ya mwandishi wa historia, naye amekwisha kuipita mara nyingi bila kugeuza uso. Lakini kwa mtoto wa kijijini aliyetoka jasho, ambaye kisima chao si safi na mama yake hana fedha za duka, kata hiyo ni maji, ni chakula na ni kinga. Taifa linalotaka kuijua historia yake halina budi kujua pia watoto wake walinyweshwa nini, na ni nani aliyewanywesha.